Maya Deren na Ibada za Haiti

Wingi wa fedha si mzazi wa sanaa. Mwaka 1943, Maya Deren na mumewe, Alexander Hammid, walitengeneza filamu ya dakika 14 nyumbani kwao Los Angeles, karibu na makampuni makubwa ya sinema ya Hollywood. Hawakuajiri waigizaji, walicheza wenyewe. Ufunguo, kisu na kioo vilitosha kuonyesha ndoto ya mwanamke. Kwa kuwa hakutegemea tajiri, Maya alitii fikira zake, si soko.

Lakini uhuru nao una mtihani wake. Mwaka 1947 alikwenda Haiti kupiga picha za ngoma za Vodou, dini yenye asili ya Afrika, akikusudia kuzitumia katika filamu ya kisanaa. Alipozifahamu, aliona kuwa kila ngoma ni kiungo cha ibada nzima, na kiungo kikikatwa hukosa uhai. Katika kitabu chake cha mwaka 1953 alikiri kwamba aliliacha kusudi lake la kwanza. Filamu hakuimaliza hata alipofariki mwaka 1961. Wengine waliziunganisha picha zile baadaye, wakatia sauti ya msimulizi.

Je, Maya alishindwa? Sidhani. Filamu ile inafundisha, lakini msimulizi husema mahali ambapo ingefaa tutazame tu. Msanii huru aweza kusema atakalo. Aliye bora hujua pia mahali pa kunyamaza. Katika kunyamaza huko Maya aliiheshimu ibada ya watu kuliko jina lake mwenyewe.