Joho la Diderot, Tausi wa Whistler na Kanga ya Ukutani

Wanaotoa ushauri wa kupamba nyumba wana kauli moja waipendayo: chagua kitu kimoja kilichokugusa moyo, iwe picha, zulia, chungu au kitambaa, halafu chumba kizima kichote rangi zake humo. Ukuta uchukue hii, pazia lichukue ile, mito ya makochi ichukue ya tatu. Nimeisikia kwa fundi rangi, nimeisikia kwa muuza mapazia, na nimeisikia kwa mwenzangu mmoja wa kalamu ambaye amepanga chumba kimoja tu, choo cha kushirikiana, na bado anataka rangi zake zipatane. Simcheki. Chumba ni cha mtu, na mtu ana haki ya kulala mahali panapompendeza. Ila ushauri huo nao uhakikiwe, kama tunavyohakiki riwaya na tamthilia, maana kuna swali unaloliruka: kitu hicho kikishapewa uongozi, kitaongoza mpaka wapi?

Swali hili si jipya. Denis Diderot, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyeishi kati ya 1713 na 1784 na kuhariri ile Ensaiklopidia kubwa ya Ufaransa, aliliandikia insha fupi iliyoanza kusomwa mwaka 1769. Ni insha ya majuto juu ya vazi kuukuu la kukaa nalo nyumbani, na kichwa chake kinasema wazi kwamba ni onyo kwa wenye ladha kubwa kuliko mfuko. Wengi wanaoitaja siku hizi hawajaifungua. Hebu tuifungue.

Diderot alikuwa na joho la zamani. Kitabu kikiwa na vumbi, pindo la joho lilifuta. Wino ukiganda kwenye kalamu, joho lilipokea, na mistari myeusi iliyobaki ilimtangazia kila mgeni kwamba humu anakaa mwandishi. Kisha likaja joho jipya, jekundu, la kifahari. Hapo matatizo yakaanza. Kiti cha majani kikaonekana aibu, kikaja kiti cha ngozi. Meza ya mbao ikaondoka, ikaja ya thamani. Ubao wa msonobari uliobeba vitabu ukatoa nafasi kwa kabati ya nakshi. Vitambaa vya ukutani vikabadilishwa, sanamu za plasta zikahamishwa na sanamu ya shaba. Mwandishi mwenyewe anakiri kwamba lile la zamani alikuwa bwana wake, na hili jipya yeye ni mtumwa wake.

Insha hii husomwa kama fundisho la kununua: ukinunua kimoja kizuri utavutwa kununua vingine. Mwaka 1988 Grant McCracken, mtaalamu wa mambo ya utamaduni, aliupa mvuto huo jina la Diderot mwenyewe, na tangu hapo insha imegeuzwa methali ya wachumi. Mimi sibishi. Lakini nasema usomaji huo unapita juu ya jambo linalotuhusu sisi.

Diderot analaumu rangi. Anasema wekundu wa joho ndio ulioamuru kila kitu kiimbe sauti moja nao. Sasa hesabu vile vitu vilivyoingia. Ngozi, nakshi, shaba. Karibu vyote vimetajwa kwa thamani yake. Penye saa tu ndipo anapotuambia dhahabu inavyopambana na shaba, na hapo ndipo jicho linapofanya kazi. Kwingine kote wekundu ni kisingizio. Joho halikudai chumba kiwe na rangi zake, lilidai chumba kiwe na cheo chake. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na kosa la wapambaji wengi ni kuvichanganya.

Tena, katika insha nzima Diderot anatetea vitu viwili. Cha kwanza ni picha ya Vernet ya dhoruba baharini: Mungu achukue vyote, anasema, lakini amwachie hiyo. Cha pili ni zulia duni la zamani ambalo amekataa kulitoa, ingawa anajua halipatani na fahari iliyolizunguka. Kila asubuhi akiingia na joho lake jekundu, zulia linamkumbusha alikotoka. Wahakiki hulitaja kama kichekesho. Mimi naona ndilo kiini. Diderot alikuwa na kitu cha kuanzia chumba, tena alikuwa anakikanyaga! Kama angechota rangi zake katika zulia lile, kiti cha majani kingebaki, ubao ungebaki, na hata joho jekundu lingepata pa kukaa: doa moja la moto katika chumba cha rangi za udongo. Shida haikuwa kuanzia kitu kimoja. Shida ilikuwa kuanzia kile kilichoingia jana na kukipa amri juu ya vilivyokuwepo.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, na huo kweli ulihusu rangi. Frederick Leyland, tajiri wa meli wa Liverpool, alikuwa na nyumba London, na katika chumba chake cha kulia alitaka kupanga vyombo vyake vya kauri vya Kichina, vya buluu na nyeupe. Thomas Jeckyll alimchorea rafu nyembamba za mbao, na kuta zikavikwa ngozi ya kale yenye maua. Juu ya meko ikatundikwa picha ya James McNeill Whistler, Mmarekani aliyefanya kazi London: binti mwenye kimono, anayeitwa Binti Mfalme wa Nchi ya Kauri, iliyochorwa miaka ya 1863 hadi 1865. Mwaka 1876 Jeckyll akaugua. Whistler akaona wekundu wa maua ya ukutani unaiumiza picha yake, akaomba ruhusa ya kuyagusa kidogo. Kidogo! Mwenye nyumba akiwa mbali, mchoraji akaifunika ngozi yote kwa buluu iliyokolea inayoelekea kijani, akachora tausi wa dhahabu kwenye vipande vya mbao vya kufungia madirisha, akapanda mpaka darini.

Alipodai ginea 2,000, Leyland aliyeagiza marekebisho madogo akakubali nusu, na hiyo nusu akailipa kwa pauni badala ya ginea. Ginea ilikuwa na shilingi 21, pauni 20. Tofauti ni shilingi moja kwa kila moja, lakini ilikuwa tusi, kwa sababu msanii alilipwa kwa ginea na fundi kwa pauni. Whistler akajibu kwa brashi: ukutani, kukabili picha yake, akachora tausi wawili wakigombana, sarafu zimetapakaa miguuni pa mmoja. Kazi ikaisha mwaka 1877. Jeckyll hakupona akili, akafariki mwaka 1881. Leyland, pamoja na hasira zake zote, hakukifuta chumba. Alikula humo mpaka kifo chake mwaka 1892. Mwaka 1904 Charles Freer wa Marekani akakinunua, na tangu 1923 kimo katika jumba la sanaa lenye jina lake, Washington.

Ni chumba kizuri, sitadanganya. Lakini mhakiki aangalie jina. Kinaitwa Chumba cha Tausi. Si cha Binti Mfalme. Ile picha ambayo kwa ajili yake ukuta ulipakwa, urafiki ukavunjika na kazi ya mtu mgonjwa ikafunikwa, imemezwa na mapambo yaliyokuja kuipendezesha. Mgeni anaingia, anatazama tausi, anatazama dari, mwisho ndipo anamwona binti wa watu juu ya meko. Ndipo kilipofika chumba kilichofuata kitu kimoja bila kipimo: kilichoanzisha kimekuwa cha pembeni.

Na sisi wa pwani tunayo kauri ile ile ya kulinganisha. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na Pate kuna zidaka, safu za vishubaka vilivyochongwa katika plasta, na humo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China. Kuta zake ni nyeupe, chokaa tupu. Fundi wa zidaka aliijua buluu ya sahani, lakini hakuipaka ukutani. Aliipa weupe, kivuli na nafasi, basi. Nakshi yake yote haina rangi, ina kina tu. Ukiingia, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye buluu, kwa sababu haina mshindani. Whistler aliitikia kitu kwa kukirudia kila mahali. Fundi wa Lamu aliitikia kwa kunyamaza. Ukiniuliza nani aliipenda kauri zaidi, jibu langu unalijua.

Utasema: mimi sina kauri, sina meko, nina kitanda, stuli na ndoo. Vema. Unayo kanga, au mama anayo ya kukupa. Itazame kama mhakiki. Ina pindo kuzunguka pande nne, ina mji katikati, ina jina chini ya mji. Chukua kisutu, kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi tatu tu, lakini hazikugawanywa sawa kwa sawa. Kuna inayotawala, kuna inayoizuia isitapakae, kuna inayopenya katikati ili jicho lipumue. Mpango mzima wa chumba umeshachapwa kiwandani, na umelipa bei ya doti moja.

Sasa usinielewe vibaya ukapaka ukuta mwekundu. Ukitundika kisutu ukutani, wekundu umeshafika, tena umefika kwa wingi. Ukuta uache mweupe. Weusi uupe vitu vyembamba: fremu ya picha, miguu ya stuli, ukingo wa rafu. Wekundu uurudie mara moja tu, mbali na kanga, mahali padogo, labda foronya au kikombe cha kalamu, ili jicho liwe na safari ya kwenda na kurudi. Na ule mkeka uliokuja nao kutoka kwenu, wenye rangi isiyomo katika kisutu, usiutoe. Kama chumba hakiwezi kuvumilia mkeka wa nyumbani, kasoro iko kwenye chumba. Na jina la kanga lisome mara mbili kabla hujatundika, maana kila mgeni atalisoma, na atadhani anaambiwa yeye.

Kwa nini nayaleta haya katika gazeti la waandishi? Kwa sababu hadithi nyingi tunazosomeana zimejengwa hivi hivi. Kijana anapata sentensi moja nzuri, au taswira moja ya mwezi juu ya bahari, anaipenda, anaanza kuijengea hadithi. Hapo sina neno. Lakini ukurasa wa tatu sentensi ile imeshakuwa joho jekundu: shangazi aliyezungumza kama watu sasa anazungumza kwa tamathali, njaa imepakwa dhahabu, na yule mhusika duni aliyekuwa na ukweli wa zulia la Diderot ameondolewa kwa sababu hapendezi karibu na mwezi. Wengine wanafanya kama Whistler, wanairudia taswira kila aya mpaka msomaji anakumbuka tausi na kumsahau binti.

Kwa hiyo ushauri wa wapambaji naukubali, kwa masharti mawili. Kitu unachokianzia kiwe kimeshaishi nawe. Kama kimeingia jana, kipe muda, kikae kwanza na vyako vya zamani tuone kama kina adabu. Na uchukue kwake rangi pamoja na kipimo. Cheo chake kiachie dukani. Anayepanga chumba kimoja anaweza kuyafanya yote mawili bila kukopa hata senti.