Mkuki na Kigoda: Uhakiki wa Masimulizi ya Wangoni na Wafipa katika Historia ya Ufipa

Katika maandiko mengi kuhusu Wangoni, Ufipa huingia kwa habari ya msiba. Zwangendaba wa ukoo wa Jere, aliyeondoka kusini-mashariki mwa Afrika baada ya Wandwandwe kushindwa na Shaka karibu na mwaka 1819, na ambaye watu wake walivuka mto Zambezi Novemba 1835 siku ya kupatwa kwa jua, alifariki mahali paitwapo Mapupo, katika uwanda wa Ufipa, kati ya mwaka 1845 na 1848. Baada ya hapo simulizi huondoka Ufipa upesi kama lilivyoingia. Mpezeni hufuatwa hadi mashariki ya Zambia ya leo, Mbelwa hadi Mzimba kaskazini mwa Malawi, Watuta hadi Unyamwezi, na kundi la Zulu Gama hadi Songea. Wafipa, ambao msiba huo ulitokea kwao, hawasemi neno.

Elzear Ebner, padre Mbenediktini wa Peramiho aliyeandika historia ya Wangoni wa Songea, na J. D. Omer-Cooper katika The Zulu Aftermath (1966), wanatofautiana kwa vyanzo na kwa shabaha. Hata hivyo, wote wawili wanasimulia safari, na msimulizi wa safari huyaona makazi ya wengine kama vituo. Kasoro hiyo inasameheka. Lisilosameheka kwa urahisi ni mazoea yaliyotokana nayo, ya kuipima kila jamii ya karne ya 19 kwa kipimo cha vita. Mkusanyo uliohaririwa na Andrew Roberts, Tanzania Before 1900 (1968), una sura ya Wahehe na sura ya Wafipa. Msomaji wa kawaida wa Tanzania anamfahamu Mkwawa na ushindi wa Lugalo wa tarehe 17 Agosti 1891 hata bila kukifungua kitabu hicho. Ni wangapi, nje ya Rukwa, wanaoweza kumtaja Kapuufi, mtawala wa Nkansi?

Aliyejitahidi zaidi kuijaza pengo hilo ni Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika A State in the Making (1981), na baadaye katika sura yake ndani ya Societies at Peace (1989), kitabu alichokihariri pamoja na Signe Howell, Willis anauliza swali zito: ilikuwaje watu ambao katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 walikuwa wamezama katika vita, tawala za Nkansi na Lyangalile zikigombana ilhali zote zilitoka katika ukoo mmoja wa Watwa, wakawa katika nusu ya pili watu wa amani na kazi? Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba ushindani ulihamishwa kutoka kwenye silaha ukapelekwa kwenye uzalishaji na mabadilishano, na kwamba mawazo ya Wafipa wenyewe kuhusu mtu na jamii yaliuwezesha uhamisho huo. Hapa amani inahesabiwa kuwa kitu kilichotengenezwa, chenye historia kama ilivyo vita. Kwa hilo pekee Willis anastahili kusomwa upya.

Lakini amani hiyo ilishuhudiwa na nani? Joseph Thomson alipita Ufipa mwaka 1880 akiwa njiani, na sifa alizowapa wenyeji ni sifa za mpita njia. Mgeni mwenye msafara humwita mtulivu yule asiyemzuia njiani. Utulivu uliomfaa mwenye msafara huenda haukuwa na sura ileile machoni pa mtu aliyefungwa kamba ndani ya msafara mwingine, kwa kuwa njia za pembe za ndovu na watumwa kuelekea Ziwa Tanganyika zilipita pia katika nchi hizo. Willis analijua jambo hili, lakini uzito wa hoja yake unabaki kwenye masimulizi ya wenye enzi na ya wazee wa Milansi. Mtu asiye na enzi haulizwi alivyoiona amani ya Kapuufi.

Upungufu mkubwa zaidi unahusu Wangoni. Kwa Willis wao ni dhoruba iliyokuja kutoka nje, ikapita, wenyeji wakaanza kujenga. Mtazamo huo ni kinyume cha ule wa Ebner na Omer-Cooper, lakini unafanana nao katika jambo moja: unawachukulia Wangoni na Wafipa kuwa watu wa aina mbili. Jeshi la Zwangendaba halikuwa kabila lililosafiri likiwa limefungwa. Lilikuwa mfumo wa kuwapokea mateka. Vijana waliotekwa waligawanywa katika nyumba za wakubwa, wakaingizwa katika vikosi vya marika, wakafundishwa kutumia ngao na mkuki mfupi wa kuchomea, na baada ya miaka michache wakawa wao ndio wanaoteka. Lilipofika Ufipa, jeshi hilo lilikuwa tayari na watu wengi kutoka nchi ambazo leo ni Msumbiji, Zimbabwe na Zambia. Ushahidi ulio wazi kabisa ni lugha. Kingoni kinachozungumzwa Songea leo ni lugha ya ukanda huohuo wa kusini mwa Tanzania, jirani wa Kimatengo. Si lugha aliyoizungumza Zwangendaba. Washindi walimezwa na walioshindwa.

Ikiwa ndivyo, mpaka kati ya jamii ya wapiganaji na jamii ya wakulima haukuwa mpaka wa damu. Mtu mmoja aliweza kuwa mkulima wa ulezi msimu huu, na baada ya misimu kadhaa akawa askari wa kikosi. Ni jambo la kukisia, lakini si kisio la mbali, kwamba kundi lililokaa uwandani kwa miaka kadhaa lilipogawanyika na kuondoka, liliondoka na vijana wa Kifipa. Swali la Willis basi lingepaswa kupanuliwa: je, sehemu ya utulivu uliofuata haikutokana na kupungua kwa wale ambao wangepigana? Swali hilo haliivunji nadharia yake. Linaiongezea gharama, na gharama hiyo haimo katika hesabu yake.

Upande wa masimulizi ya asili, Willis ana nguvu zaidi, na pia anajadilika zaidi. Simulizi kuu la Ufipa linaeleza kuwa wanawake watatu wageni walifika Milansi, kijiji cha mtawala Ntatakwa, wakati mwenyewe akiwa mawindoni. Mmoja wao aliketi katika kigoda cha enzi. Ntatakwa aliporudi, utawala wa nchi ulikuwa umekwisha kuondoka mikononi mwake. Alibaki na Milansi na heshima ya kidini. Willis, tangu makala yake ya mwaka 1967, analisoma simulizi hili kwa jozi ya kichwa na kiuno: Milansi ni kichwa, yaani akili na ukongwe; Watwa ni kiuno, yaani nguvu na uzazi.

Usomaji huo ni wa werevu, ila unapita juu ya tukio lenyewe. Nchi inachukuliwa bila mkuki. Msimulizi wa Kingoni huanza na kuvuka mto mkubwa huku jua likifichwa. Msimulizi wa Kifipa huanza na mgeni aliyechoka anayekaribishwa kiti. Ukweli wa tukio la Milansi si hoja hapa. Hoja ni kwamba jamii iliyochagua kuusimulia unyang'anyi wa enzi kama kosa la ukarimu ilikuwa na wazo la siasa lisilohitaji shujaa, na huenda ilikuwa nalo kabla ya Mapupo. Willis anaiweka amani mwishoni mwa mabadiliko. Simulizi analolitegemea linaiweka mwanzoni. Aidha, kuwaita wanawake hao kiuno ni kuwapunguzia akili waliyoitumia.

Tanuri za chuma, zilizochunguzwa na Bertram Mapunda huko Nkansi na na Randi Barndon miongoni mwa Wafipa, zinaonyesha ugumu wa jozi za namna hiyo. Malungu, tanuri ndefu kuliko mtu, ziliyeyusha mawe kwa upepo uliojivuta wenyewe bila mivukuto. Tanuri lilipambwa na kushughulikiwa kama bibi harusi, na kazi yake ilikuwa na miiko, dawa na maarifa yaliyolindwa. Kichwa na kiuno vilikuwa katika udongo mmoja. Chuma kilichotoka humo kilipelekwa kwenye tanuri dogo kikasafishwa, ndipo mhunzi alipoamua: jembe la kufukia nyasi katika vilima vya kulimia, au mkuki.