Mfalme Asiyekuwapo: Umbo la Tarehe za Pwani na Vitabu vya Historia ya Kitui na Makueni

Uandishi wa historia ya mahali padogo una umbo lake, na katika Kiswahili umbo hilo lilitoka pwani. Tarehe za miji, yaani zile kumbukumbu zilizoandikwa Kilwa, Pate na Lamu, ndizo zilizomzoeza msomaji kutarajia mambo fulani katika kitabu cha namna hii: asili ya wakazi, nasaba, vita na hesabu ya miaka. Ukweli wa tarehe hizo umejadiliwa sana. Fani yake haijapewa uzito uo huo, hasa inapohusu vitabu vya jamii za bara zisizokuwa na mji wala sultani. Makala haya yanalitazama suala hilo kwa kuziangalia Kitui na Makueni.

Yafaa kwanza kutofautisha aina mbili za tarehe. Ile ya Pate, iliyotokana na masimulizi ya Bwana Kitini na kuchapishwa na Alice Werner kuanzia mwaka 1914, imejengwa juu ya mfululizo wa masultani wa Kinabahani. Sultani hutajwa, miaka yake huhesabiwa, na kifo chake humfungulia mlango anayefuata. Khabari za Lamu, ya Shaibu Faraji bin Hamed, iliyochapishwa na William Hichens mwaka 1938, haina uti wa mgongo huo. Lamu iliendeshwa na wazee wa Yumbe, na mji uligawanyika baina ya Zena na Suudi. Kwa hiyo msimulizi hana mfalme wa kumfuata. Hulazimika kuufanya mji wenyewe uwe mhusika mkuu, pamoja na ugomvi wake.

Kwa muundo wake wa kijamii, Kitui iko karibu zaidi na Lamu kuliko Pate. Wakamba walipanga maisha yao kwa utui na kivalo, chini ya mamlaka ya wazee; hapakuwa na kiti cha enzi. Hata hivyo vitabu vinavyoieleza Kitui ya karne ya 19 vimefuata mno umbo la Pate, na chanzo ni kitabu kimoja. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya. Katika kitabu chake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, Kivoi ni chifu. Neno hilo dogo lilifanya kazi kubwa. Kuanzia hapo historia ya Kitui ilipata ‘mfalme’ wake, naye akapewa sura nzima katika vitabu vilivyofuata, huku waliobeba pembe hadi Mombasa wakibaki kundi lisilo na majina.

Lakini kitabu chicho hicho kina kurasa zinazopingana na mwandishi wake, na ndizo bora kuliko zote. Mwaka 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa pamoja na wafuasi wake wa karibu, naye Krapf akakimbia. Alipotea nyikani, akiwa na kiu, akitumia mtutu wa bunduki kuchukulia maji. Mtindo wake, ambao kwingineko ni wa mhubiri anayekagua mataifa, hapa unanyong’onyea na kuwa wa mtu anayeogopa kufa. Aliporejea kijijini, jamaa za Kivoi walimtuhumu: kwa nini yeye yu hai na Kivoi amekufa? Akatoroka usiku.

Wahakiki wengi huichukua tuhuma hiyo kama tukio la safari tu. Ni zaidi ya hapo. Ndipo mahali ambapo watu wa Kitui wanamhukumu mwanahistoria wao, tena kwa swali ambalo tarehe ya Pate haikupata kuulizwa: shahidi alipataje kubaki ili asimulie? Kinachojulikana juu ya kifo kile kwa maandishi kimetoka kwa mtu aliyekimbia. Mwandishi yeyote anayekirudia bila kulirudia swali la wafiwa amechagua upande, hata kama hajui.

Wanazuoni wa baadaye walirekebisha baadhi ya haya. John Lamphear, mwaka 1970, alimrejesha Kivoi katika mtandao wa biashara baina ya Ukambani na Mrima, J. Forbes Munro, mwaka 1975, alionyesha jinsi uchifu wenyewe ulivyokuwa zao la utawala wa kikoloni. Ni marekebisho ya hoja, si ya umbo.

Umbo mbadala lipo, nalo ni la wenyeji. Wakamba huhesabu miaka kwa njaa, na kila yũa ina jina lake. Ile ya mwishoni mwa miaka ya 1890 ni Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Ile ya 1984 ni Nĩkw’a Ngwete, ‘nafa hali nimeshika’, kwa kuwa fedha zilikuwamo mkononi na chakula hakikupatikana. Majina hayo ni usimulizi uliokwisha kufupishwa: yana msemaji, yana kejeli, na mhusika wake ni jamii yote. Kitabu kitakachoyafanya vichwa vya sura hakitahitaji mfalme.

Makueni ndiyo inayokihitaji zaidi kitabu hicho. Hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, na historia yake imo ndani ya vitabu vyenye jina la jirani. Hata Muindi Mbingu, aliyeongoza upinzani dhidi ya kupunguzwa kwa mifugo mwaka 1938, husomwa kama mtu wa Machakos. Serikali ilimhamishia Lamu, mwaka ule ule ambao Hichens alichapisha khabari za mji huo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa More People, Less Erosion, utafiti wa Machakos ya zamani, Makueni ikiwamo, kuanzia 1930 hadi 1990. Humo mna matuta, mvua, mazao na idadi ya watu iliyopanda zaidi ya mara 5. Ni kitabu chenye manufaa makubwa, na jamii ndiyo mhusika wake, kama katika khabari ya Lamu. Ila jamii hiyo huhesabiwa tu, haisemi.