Pongezi kwa Wafuga Fukusi wa Ziwa Victoria

Nawapongeza watafiti na wavuvi waliofuga fukusi ili kuliokoa Ziwa Victoria. Gugumaji, mmea wa Amazoni, lilionekana ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba mialo na kuzuia mitumbwi. Kuling'oa hakukutosha: kipande kidogo huchipua upya, na mbegu hulala matopeni miaka mingi.

Ndipo wakaletwa fukusi wa aina mbili za jenasi Neochetina, wadudu wanaokula gugumaji na wasioweza kuzaliana kwingine. Uganda iliwaachia ziwani mwaka 1995. Kenya na Tanzania zikafuata. Kazi yenyewe ni ya mikono: kuwalea kwenye mabeseni ya maji, kuwahesabu, kuwapeleka kwa mtumbwi, kisha kukagua jani baada ya jani kutafuta makovu ya walipokula. Na kungoja, miaka! Katika baadhi ya vijiji wavuvi wenyewe waliendesha vituo vya kuwalea. Kufikia mwaka 2000 gugu lilikuwa limepungua sana, ingawa hali ya El Niño nayo hutajwa kuchangia.

Limerudi mara kadhaa, hasa Ghuba ya Winam, kwa sababu mbolea na majitaka bado yanamiminika. Lawama hiyo si ya wafugaji hawa. Wanastahili mabeseni zaidi, na malipo yasiyokatika mradi unapoisha.