Kuondoa Nadhiri: Usemi wa Pwani mbele ya Msomaji wa Kasongo

Tuseme mtu wa Kasongo ameweka nadhiri: mwanawe akipona, atafunga kila Alhamisi. Mwana akapona, baada ya miaka michache baba mwenyewe akashikwa na maradhi yasiyomruhusu kukaa na njaa. Anauliza afanyeje, naye anajibiwa, kwa Kiswahili safi cha pwani, kwamba aiondoe nadhiri yake. Je, ameambiwa nini?

Pwani, kuondoa nadhiri ni kuitimiza. Nadhiri ni deni, na deni huondoka shingoni likilipwa. Usemi huu si wa Waislamu peke yao: Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 huutumia katika Zaburi ya 116 kwa maana iyo hiyo. Lakini katika Kingwana cha Maniema, ambako neno lenyewe husikika naziri, kuondoa ni kwanza kutoa kitu mahali pake. Muulizaji aweza kurudi nyumbani akiamini kwamba ameruhusiwa kuifuta. Amri imegeuka ruhusa, wala hakuna aliyesema uwongo.

Kasoro hii ingekuwa ndogo kama sheria ingekuwa na jibu moja. Haina. Nadhiri ya maasi haitimizwi. Ile iliyotamkwa kwa hasira, kwa mfano kujizuia kusema na jirani, madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu ya mashariki, humpa mwenyewe hiari: atekeleze, au atoe kafara ya kiapo. Kafara hiyo imetajwa katika Sura ya tano, aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyeweza afunge siku tatu. (Mwandishi anayeandikia Kasongo, makao ya Tippu Tip hadi karibu na mwaka 1890, asilipite shauri la mtumwa kana kwamba ni koma.) Hadithi iliyopokewa na Muslim, isemayo kafara ya nadhiri ni kafara ya kiapo, wengi wa Mashafi waliifasiri kuwa yahusu nadhiri hiyo ya hasira, wengine waliipanua. Basi anayeandika nadhiri, kiapo na ahadi kama visawe anaifuta tofauti ambayo wanazuoni waliibishania kwa karne nyingi.

Mfano bora tunaupata kwa Bukhari. Abu Israil aliweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asijifunike kivuli, asiseme, tena afunge. Mtume akaamuru aseme, akae, aingie kivulini, na saumu yake aitimize. Nadhiri haikutupwa wala haikubakizwa nzima, ilichambuliwa. Mateso yasiyo ibada yaliondolewa, ibada ikabaki. Hapo kitenzi kuondoa kingestahili maana yake ya Kasongo, na kutimiza kingekaa pembeni yake bila kugombana nacho.

Tunapendekeza, kwa hiyo, waandishi wa vijitabu vya dini waache kuondoa nadhiri wanapowaandikia wasomaji wa bara. Waandike kutimiza pale ambapo deni lalipwa, kutoa kafara pale ambapo fidia yashika nafasi yake, na kusamehewa pale tu ambapo sheria imesamehe. Mgonjwa wetu wa Alhamisi ataelewa angalau swali la kumuuliza shehe: je, maradhi haya yanatarajiwa kupona, au la?