Cheni Kuukuu Huvuta Mpya

Juzi nilipita kijiweni kwa mafundi nikamkuta kijana anakata cheni ya pikipiki kwa tindo na nyundo. Ilipokatika akaichomoa yote, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, kisha akaanza kuhangaika kuipenyeza mpya nyuma ya sproketi ya mbele. Inaingia, inakwama, inarudi. Mwenye pikipiki anaangalia saa, fundi anasonya. Nilikuwa na neno moja la kumwambia, lakini mdomo ukawa mzito, maana kijiweni ushauri usioombwa huitwa kiherehere. Nikaenda zangu, na njia nzima nikawa namkumbuka mzee mmoja wa Morogoro.

Enzi hizo nilikuwa na miezi mitano tu juu ya pikipiki. Nilijua kutia mafuta na kupiga honi, basi. Cheni ilianza kulia kila nikiondoka, halafu ikawa inaruka nikipanda mlima. Dawa yangu ilikuwa oili chafu: kila Jumamosi naimwagia mpaka inachuruzika, najiona nimetunza chombo.

Mzee hakuwa na gereji. Alikuwa na mwarobaini, kigoda na sanduku la spana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa tayari kwenye gurudumu langu la nyuma. Akaishika cheni kwa vidole viwili, pale nyuma kabisa inapozunguka sproketi, akaivuta. Ikanyanyuka kwenye meno mpaka nikaona mwanga upande wa pili.

“La kuvunda halina ubani, mwanangu,” akasema. “Oili hii unampaka maiti.”

Nikamwomba abadilishe cheni peke yake, kwa kuwa mfuko ulikuwa mwepesi. Hakubishana. Aliniambia nichutame, akakishika kidole changu cha shahada na kukipitisha juu ya meno ya sproketi, jino baada ya jino, kama mwalimu wa madrasa anavyomwongoza mtoto kwenye herufi. Upande mmoja wa jino ulikuwa umeteremka, wa pili umepinda kama ndoana. Yote yalilalia upande mmoja mithili ya mapezi ya papa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba cheni hairefuki kama mpira. Kinacholika ni pini na bushi zake ndani. Kila kiungo kinalegea kiasi cha unywele, na viungo ni zaidi ya mia. Katika cheni ya namba 428, inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za boda, kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, na meno yamechongwa kwa kipimo hichohicho. Cheni ikirefuka, meno nayo huliwa kwa kuifuata. Ukiileta mpya juu ya meno hayo, yataifundisha uzee kabla ya siku zake. Ndiyo maana vitatu hivi hubadilishwa pamoja: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma.

Mswisi Hans Renold alipata hataza ya cheni ya namna hii huko Manchester mwaka 1880. Tangu hapo imeboreshwa huku na kule, lakini umbo lake ni lilelile. Sitaki kusema zaidi juu ya Renold, kwa sababu kilichonikaa moyoni hakikutoka Manchester.

Nilirudi baada ya wiki mbili na seti nzima, meno 14 ya mbele na 42 ya nyuma. Mzee alianza kwa kulegeza boliti za sproketi ya mbele cheni ikiwa bado imefungwa, mguu wangu ukiwa kwenye breki, maana bila cheni kuishikilia ingezunguka tu na spana. Kisha akaitoa klipu ya kiungo taratibu kwa koleo. Nikaidaka cheni ili niichomoe. Akanishika mkono.

“Unaipeleka wapi? Njia anaijua yeye.”

Cheni ya zamani tukaiacha imelala mbele. Tulipokwisha kufunga sproketi zote mbili, akaunganisha ncha yake na ncha ya cheni mpya kwa kiungo kimoja, akaniambia nivute polepole. Kuukuu ikatoka, nyeusi, inanuka oili yangu ya Jumamosi zote. Nyuma yake mpya ikaingia inang’aa, ikapita gizani nisikoweza kufikisha hata kidole, ikatokea upande wangu bila kukwama hata mara moja.

“Cheni kuukuu huvuta mpya,” akasema.

Akanipa klipu niifunge mwenyewe: kisogo kitangulie, mdomo ufuate nyuma, ili jiwe likiigonga isifunguke. Tukalinganisha alama za pande zote mbili za gurudumu, tukaacha ulegevu wa kama vidole viwili, tukalizungusha gurudumu na kupima tena mahali pengine. Jua lilikuwa limehama mti mzima. Alinitoza nusu ya ufundi, eti nusu ya kazi nimeifanya mimi.

Mwarobaini ule haupo tena, na mzee pia hayupo. Vijana wa leo siwalaumu peke yao. Dereva wa boda ana hesabu ya tajiri jioni, hivyo anataka dakika kumi na cheni tupu. Fundi naye anampa anachotaka. Kava la cheni limeng’olewa zamani ili kazi iwe nyepesi, mchanga unaingia na kutafuna mchana kutwa, na baada ya miezi michache wanakutana tena palepale, kwa tindo ileile. Tunaita kubana matumizi.

Lakini namfikiria zaidi yule kijana na pipa lake. Hakuna aliyemwonyesha. Wazee waliojua njia tumewaacha waondoke kabla hatujamfungia ncha yake kwenye ncha yao, sasa tunamcheka akipapasa gizani. Na siku ile kiungo kilikuwepo, kimesimama hatua tatu kutoka kwake, mikono mfukoni, kikaogopa kuitwa kiherehere.