Shujaa Asiye na Jina: Maandamano ya 1922 na Fani ya Utenzi

Utenzi wa Fumo Liyongo, kama ulivyotungwa na Muhamadi Kijumwa, unafikia kilele chake kisimani. Shujaa amekwisha kufa, lakini angali amepiga goti, upinde mkononi, na watu wa mji hawathubutu kusogea kuteka maji. Wanamwendea mamake, wakimsihi ambembeleze mwanawe. Picha hii imesifiwa sana, na kwa haki. Lisilosemwa ni nafasi waliyopewa watu wa mji. Wao ni umati wa waoga, waliowekwa pale ili ukubwa wa mtu mmoja upate kupimwa kwa udogo wao.

Mgawanyo huo, shujaa mbele na umati nyuma, umekita mizizi katika ushairi wa kishujaa wa Kiswahili. Hemedi bin Abdallah alipotunga Utenzi wa Vita vya Wadachi, juu ya upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, fani aliyoirithi ilikuwa imezoea majemadari na silaha, na vita vyenyewe vilikuwa navyo. Tatizo linazuka pale ukoloni ulipopingwa na watu wengi wasio na bunduki wala jemadari.

Mfano ulio wazi ni wa Nairobi, Machi 1922. Harry Thuku, kiongozi wa East African Association, alikamatwa tarehe 14 kwa kuupinga utawala juu ya kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kazi za kulazimishwa. Maelfu ya watu waligoma kazi, wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi alimozuiliwa. Wajumbe wao walikwenda kuzungumza na serikali. Waliporudi tarehe 16 waliwaomba watu watawanyike. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipoinua nguo yake, akawataka wanaume waichukue wampe yeye suruali zao, kwa kuwa wameshindwa na uume wao. Umati ulisogea, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo vya watu 21. Makadirio mengine yalizidi hapo sana. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Yafaa izingatiwe kwamba siku hiyo shujaa wa kawaida hakuwapo. Thuku alikuwa kifungoni, na wajumbe walikwisha sema watu warudi makwao. Tendo lilikuwa la umati wenyewe. Hata hivyo tukio hilo hujulikana kwa jina la Thuku. Wanawake wa Kikuyu walimtungia Nyanjiru wimbo, na kwa njia hiyo kumbukumbu yake ikahifadhiwa vinywani. Tenzi mashuhuri za Kiswahili hazina nafasi yake.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe haikupungukiwa. Ni kweli kwamba baadhi ya maneno yake yana mtazamo wa bwana. Fujo na ghasia ni maneno ya mwenye kutaka utulivu wake usivunjwe, na kugoma husemwa pia juu ya punda aliyekataa kwenda. Lakini kuna kuandamana. Kuandama ni kufuata. Ikiongezwa kauli ya kutendana, kila mmoja humfuata mwenzake, na hapana wa mbele anayefuatwa na wote. Sarufi ya neno hili imekwisha kutoa nadharia ya ushujaa ambayo fani ya utenzi haijaipokea.

Fasihi ya nathari nayo haijaliziba pengo hili. Katika A Grain of Wheat (1967), Ngũgĩ wa Thiong'o anayasimulia maandamano ya 1922, lakini kwa ufupi, kama ngazi ya kumfikia Kihika, mpiganaji wa msituni. Kaburi bila Msalaba (1969) ya P. M. Kareithi ni hadithi ya vita vya Mau Mau. Aliyekaribia zaidi ni Alamin Mazrui katika Kilio cha Haki (1981), ambamo wafanyakazi wa shamba la mzungu wanapewa jukwaa. Lakini hata humo Lanina, kiongozi wao, ndiye anayebeba uzito wa mchezo. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, uliowaunganisha wafanyakazi wapatao 15,000 kwa siku 12, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, ungali unamngoja mtunzi wake, ingawa Kiswahili ndicho kilichowawezesha watu wa makabila mbalimbali kusemezana.

Huenda ikadaiwa kwamba mikono mitupu ilishindwa: Thuku alihamishiwa Kismayu, Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi wa Mombasa, akatiwa kizuizini mwaka ule ule wa 1947, na hatimaye watu wakaingia msituni. Dai hili lina uzito wake katika historia, lakini si kipimo cha fasihi. Liyongo naye alishindwa, tena kwa sindano ya mwanawe, na kushindwa huko hakukumnyima utenzi.

Basi upungufu haumo katika matendo ya umma, umo katika fani iliyorithiwa bila kuhojiwa. Mtunzi atakayerudi kisimani hana budi kuwatazama upya wale watu waliosimama kando na ndoo zao. Siku moja, mbele ya kituo cha polisi, hawakurudi nyuma.